Macho Yangu, Kifaransa Chake

Mwaka ule nilipanga chumba Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Uchina, ghorofa ya tisa, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Chumba cha pili alikaa mama mmoja wa Lubumbashi, mjane, mnunuzi wa viatu vya watoto. Mimi Mzanzibari, nanunua vyombo vya jikoni. Tulipishana jikoni kwa adabu tu. Nikimwamkia, "Shikamoo, mama," hakujua ajibu nini, kwa hiyo alijibu, "Merci, mwanangu," na sote tukaridhika.

Asubuhi moja alitoka chumbani akipapasa ukuta. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia kiza upande mmoja. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho tangu zamani, halioni ila mwanga. Nilimpeleka hospitali. Daktari alitueleza kwa simu ya kutafsiri kwamba utando wa ndani ya jicho umebanduka. Wakampasua, wakajaza gesi ndani ya jicho ili utando ushike mahali pake, wakampa masharti mawili: siku kumi akae kifudifudi, na asipande ndege mpaka gesi iishe.

Mzigo wake ulikuwa umeshatoka bandari ya Huangpu kwa meli. Tiketi yake ilikuwa ya Ijumaa, na yangu ya Jumapili. Niliisogeza yangu. Si kwamba nina wema wa ajabu. Nilijiuliza tu nani angemtia dawa mara nne kwa siku.

Nilimwekea mto wangu wa shingo wa safarini ukingoni mwa kitanda, akaulalia uso. Siku ya tatu nikakuta matone sakafuni chini yake. Nilidhani ni dawa.

"Mama, linauma?"

"Haliume. Minachoka kuangalia sakafu ambayo hata siioni." Akajipangusa mashavu. "Uko na kompyuta? Unitafutie filamu moja."

Akanitajia jina la filamu herufi kwa herufi. Ilikuwa filamu ya Kifaransa ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, nyeusi na nyeupe. Nikamwambia sijui Kifaransa hata kidogo.

"Na mimi sina macho," akasema. "Nitakusemea maneno yao, wewe utanisemea picha."

Tukaanza baada ya sala yangu ya alasiri, mvua ikipiga dirishani. Mwanzoni nilikuwa mvivu wa kutazama.

"Kuna mwanaume anatembea," nikasema.

"Anatembea wapi?"

"Barabarani."

"Barabara iko namna gani?"

Ikabidi niangalie. "Mawe yameloa. Kuna taa moja, na mwanga wake umelala juu ya maji. Mbele ni ukungu mtupu. Ametoka humo polepole, kwanza kofia, kisha mabega."

"Voilà," akasema uso ukiwa mtoni, na nikasikia anatabasamu.

Yule mwanaume alikuwa mlinzi wa lango la mfereji wa meli, aliyemuua mtu kwa hasira na sasa anajificha. Mwanamke alikuwa dobi. Walikutana katika mkahawa mbovu, wakazungumza kama watu wanaojua muda wao ni mfupi. Mama alinitafsiria kwa Kiswahili chake cha Kongo, na mapenzi yale ya Kifaransa yakanifikia na lafudhi ya Lubumbashi. Nilimwambia jambo lililonishangaza: uso wote wa mwanamke uko gizani, isipokuwa ukanda mwembamba wa nuru machoni.

"Njo vile walikuwa wanafanya," akasema. Mumewe, enzi za uchumba, ndiye aliyeendesha klabu ya sinema katika ukumbi wa mapadri. Yeye ndiye aliyemweleza kwamba Wafaransa wanauita mtindo ule uhalisia wa kishairi. Watu wake ni makuli, madobi, wanajeshi waliotoroka, lakini taa inawaangaza kama watakatifu. Na ile barabara haikuwa barabara. Ilijengwa ndani ya studio kwa mbao na rangi, nyumba za nyuma zikafanywa ndogo ili zionekane mbali, na ukungu ukapulizwa kwa mashine.

"Nilikasirika," mama akasema. "Nikamuliza, basi nimelilia mbao? Akacheka mpaka akakaa chini."

Siku ya nne ya kutazama tulifika mwisho. Mwanaume amekamatwa, amesimama stesheni kati ya polisi wawili. Mwanamke anapanda treni, hajui kama yupo pale.

"Anageuka?" mama akauliza.

Alikuwa hageuki. Niliangalia kisogo cha mama, mvi zake zilizosukwa na mimi mwenyewe asubuhi ile, nikasema, "Ndiyo, anageuka. Wameonana."

Bega lake likaanza kutikisika, nami nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka.

"Unanidanganya, mwanangu. Hii filamu nimeiona na bwana yangu mara sita. Hageuke hata siku moja." Akanyoosha mkono nyuma, akautafuta wangu. "Merci. Lakini sasa unisemee vile iko kweli."

Nikarudisha nyuma, nikamweleza. Dirisha la treni lina mvuke. Mgongo wa mwanamke unasogea. Mwanaume hapazi sauti. Polisi mmoja anatazama pembeni kwa aibu. Mwanga unabaki machoni pa mwanaume mpaka treni ipite yote. Mama alikuwa akiitikia "ee, ee" kila neno, na mwishoni alikuwa ameubana mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

Gesi iliisha wiki ya saba. Jicho lilirudi, si kama zamani: mistari iliyonyooka anaiona imepinda kidogo, na daktari alisema itabaki hivyo. Tulipotoka hospitali alisimama chini ya daraja la magari, mvua ikinyunya, akatazama maghorofa juu hadi chini.

"Yote imelala upande," akasema, "lakini iko."

Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun kwa metro, treni ya mjini. Njiani alinifundisha kuhesabu kwa Kifaransa. Tulifika sabini, akaniambia hapo ndipo Wafaransa walipochanganyikiwa, wakaiita sitini na kumi, tusubiri kwanza. Abiria wa Kichina walitutazama tukicheka, na bibi mmoja akaanza kucheka nasi bila kujua sababu.