Springi ya Kushoto

Gari langu lilikuwa na miezi minane tu mikononi mwangu nilipoamua kulibadilisha. Nakiri mapema kwamba halikuwa na kosa ambalo mtu mwingine angeliona. Viti vya nyuma vilikuwa bado vimevaa nailoni yake. Kila asubuhi nililifuta vumbi mbele ya nyumba yetu Buzebazeba, na majirani walikwishazoea kunikuta nikikagua rangi yake kwa tochi mchana kweupe.

Nililinunua kwa keki. Sikusomea kuoka popote. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, nikaharibu unga mwaka mzima kabla mtu wa kwanza hajanilipa. Keki zangu zilipofika ngazi tatu, bajaji hazikuniweza tena. Siku gari lilipofika, mama mdogo, ninayeishi naye, alilizunguka mara mbili. Kisha akaingia kiti cha mbele akafunga mkanda, ingawa hatukuwa na safari. Tulikaa hivyo tu, tukitazama ukuta wa jirani, na sikumbuki kama nimewahi kuringa kuliko siku ile.

Halafu ikaja harusi ya Bangwe. Keki ilifika ukumbini imeinama kushoto. Haikuanguka, iliinama tu, kama upana wa kidole. Wageni waliila na kuisifia, lakini mimi niliuona ule upana wa kidole katika kila picha. Mama wa bibi harusi aliponiuliza kulikoni, nikamjibu kwamba ni gari, springi ya kushoto imelegea. Nilisema haraka sana hata mwenyewe nikaamini.

Keki mbili zilizofuata ziliinama pia, upande uleule. Fundi wa gereji alilala chini ya gari mara mbili, akatoka akijipangusa mikono, akasema springi zote ni nzima. Nikaona huyo hajui kazi.

Ndipo nikaenda kwa muuza magari mmoja ambaye hupokea gari lako, unaongeza kitu juu, anakupa jingine. Alinionyesha gari refu kuliko langu, limeinuka, matairi mapana. Aliponiona nasita, akaniambia nisisubiri mpaka herufi mpya za namba za usajili zianze kutoka, maana langu litaonekana la zamani mara moja.

"Lete sasa, dada, bado linanukia upya," alisema. "Ukilizeesha, utakuja hapa kunililia."

Nilikubali kwa sharti moja: kwanza nijaribu gari lake nikiwa na keki. Alicheka, kisha akaona sicheki.

Nikaoka keki ya ngazi tatu isiyo na mnunuzi, krimu nyeupe tupu bila ua hata moja. Mama mdogo akaketi nyuma, ameshika kibao cha keki kama alivyofanya safari zote. Muuza magari akakaa mbele kunisifia gari lake. Nikaendesha taratibu kuelekea Bangwe, nikilivuka kila tuta kama navuka mtoto aliyelala. Kweli gari lilitulia. Nilishaanza kupanga nitaegesha wapi nyumbani, maana lilikuwa pana. Nilijiona tayari mtu mkubwa kidogo.

Tulisimama karibu na ziwa, mahali pa tambarare. Nikafungua mlango wa nyuma, nikainua boksi lililofunika keki.

Keki imeinama kushoto.

Muuza magari alisema ni kidogo tu, wageni hawaangalii. Mama mdogo aliitazama keki, kisha akanitazama mimi.

"Na hili nalo springi mbovu?"

Nilitoa rula kwenye mkoba, kwa sababu mimi hutembea na rula, nikaibandua ngazi ya juu palepale. Ndani ya kila keki ya chini huwa natia vijiti vya mishikaki vya kubeba ile ya juu. Nilikuwa nakata kila kijiti kiishie pale krimu inapoishia, kisichomoze hata chembe, maana sikuweza kuvumilia kuona ncha. Nikavipima. Vya kushoto vilikuwa vifupi. Tanuri langu hupandisha keki upande mmoja zaidi ya mwingine, na kijiti cha upande ulio chini hutoka kifupi, nami kwa utaratibu wangu huzipanga zote zielekee upande uleule. Nyumbani tofauti ilikuwa kama unene wa sarafu. Mtikisiko wa njiani uliikuza tu. Unadhifu wangu ndio uliokuwa ukiinamisha keki, siyo springi.

Nilimwambia muuza magari kwamba sibadilishi. Alinisihi, akapunguza alichotaka niongeze, mwishowe akaomba kipande. Alikula viwili.

Ningeweza kurudi nyumbani. Lakini yule mama wa bibi harusi alikuwa akiishi hapohapo Bangwe, na moyo ulikataa. Muuza magari alibaki garini; mimi na mama mdogo tulimkuta uani akichambua dagaa kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote, vijiti na tanuri, na kwamba gari langu halikuwahi kuwa na kosa. Nilitegemea kujisikia mdogo. Badala yake, kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti ilivyonitoka wazi zaidi, maana kosa lilikuwa langu, na la kwangu nilijua namna ya kulitengeneza.

Alisikiliza mpaka mwisho, akatupa kichwa cha dagaa pembeni.

"Sasa hiyo gari ilikukosea nini, mwanangu, ukaisingizia?"

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Tangu siku ile nakata vijiti vyote urefu mmoja, nikifuata upande ulio juu, na nimenunua pima maji, ile ya waashi. Jumamosi iliyofuata nilipeleka keki ya ngazi nne, ya kwanza maishani mwangu, kwa gari langu dogo. Ukumbini nililaza pima maji juu ya ngazi ya mwisho, mbele ya watu, bila aibu. Kiputo cha hewa kikaja katikati kikatulia. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyuma yangu nilimsikia mama mdogo akimweleza mhudumu wa vinywaji, ambaye hakuwa ameuliza, kwamba lile gari jeupe pale mlangoni ni letu, na haliuzwi.