Besi Inayongoja Kicheko

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu wimbo mbele ya watu, na niliuharibu kwa kuupiga vizuri. Ilikuwa Jumamosi mchana, Isipingo, hapa Durban, katika ukumbi wa nyuma wa mkahawa ulio karibu na stendi ya taxi. Bendi yetu ilikuwa na watu wanne, wote wahamiaji, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga nyimbo za zamani za kantri zilizogeuzwa maneno ili watu wacheke. Mimi nilikuwa mpiga besi. Nilikuwa mwanamke pekee, mtoto wa Uvira, na kabla ya hapo nilikuwa nimezoea kupigia kwaya ya kanisa.

Wengi mnadhani wimbo wa kuchekesha hupigwa ovyo ovyo kwa kuwa ni mzaha. Anayesema hivyo hajawahi kuupiga. Muziki lazima uwe wa kilio kitupu. Gitaa la kulaza mapajani, lile linalotelezeshwa chuma juu ya nyuzi, lazima lilie kama lilivyolia katika wimbo wenyewe, ili msikilizaji autambue kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Besi inapiga noti ya kwanza ya ngazi ya muziki, kisha ya tano, inarudi ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Na mpigaji hacheki. Akicheka yeye, watu wanajua wanachekeshwa, na utamu umekwisha.

Wimbo wetu mkubwa ulikuwa wa mwanamume aliyeachwa na mkewe. Beti tatu analia, mpaka unamhurumia. Halafu, kabla ya mstari wa mwisho, vyombo vyote vinanyamaza kwa pamoja. Mwimbaji anabaki peke yake: "Moyo wangu umeubeba, sawa, nenda nao. Lakini sufuria ya bugali, mama, nitapikia nini?" Hapo watu wanacheka, na besi ndiyo inayowarudisha wenzake kwenye wimbo.

Sasa sikieni nilichofanya. Siku ile Isipingo watu walianza kucheka tangu ubeti wa pili, wakapiga na makelele. Sisi Wakongomani tumelelewa hivi: watu wakipiga kelele, mwanamuziki anajibu. Besi inapanda, gitaa linafuata, mnaingia sebene, sehemu ile ya kucheza ambapo uimbaji unakaa kando. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Salvatori, Mrundi aliyekuwa kwenye gitaa, akanifuata bila kuuliza. Viti vikasukumwa, watu wakaingia katikati, kina mama wakafunga vitenge vizuri kiunoni. Kiongozi wetu alibaki kwenye kipaza sauti mdomo wazi, na ile sufuria hakuna aliyeisikia. Mimi nilidhani nimeshinda.

Kiongozi, ndivyo tulivyomwita sote, alikuwa Mkenya wa upande wa Nakuru, mrefu, kofia ya pama haimtoki kichwani. Aliningoja hadi vyombo vyote vilipokwisha kufungwa.

"Mama Neema, watu wamecheza, ama?"

"Wamecheza sana, Kiongozi."

"Na wamecheka?"

Nikatazama vile viti vilivyosukumwa.

"Hao watu walikuja kucheka. Wewe umenifunga mdomo na wimbo ni wangu. Nakupea Jumamosi mbili. Ukishindwa, natafuta mtu mwingine, na hatutabembelezana."

Niwaambie ukweli kwa nini maneno yale yaliniuma. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kusuka nywele katika saluni, Sydenham. Ni kazi ya heshima, ilinilelea watoto, siidharau. Lakini besi ndiyo niliyotaka. Nilikuwa nimepita kwenye bendi nne hapa Durban na kila moja iliniambia niitikie au nicheze. Hii ya kuchekesha ndiyo pekee iliyonipa gitaa lenyewe. Nikiikosa, besi ingebaki ukutani nyumbani kwangu, na mimi nilijijua, nisingeishusha tena. Nikiwa ndani ya taxi ya kurudi nyumbani, basi dogo lililojaa watu, nilisema kwa sauti: "Hapa sitoki." Aliyekaa kando yangu akadhani namwambia yeye, akasogea.

Jumatatu nikaanza kujifunza, na shule yangu ilikuwa saluni. Mwenye saluni, Dada Aline, alikuwa na mdomo wa kuchekesha maiti. Kila alipowavunja mbavu wateja, mimi nilisikiliza kicheko chenyewe, si maneno yake. Nikagundua kina mwendo. Kinaanza na mmoja au wawili. Wengine wanajiona wameruhusiwa, kinapanda, kinakaa juu, kisha kinavunjika, na kuna dakika ndogo watu wanafuta machozi na wakati huohuo wanataka kusikia kinachofuata. Besi inaingia hapo. Ukiingia kabla, unakata kicheko cha watu kooni. Ukichelewa, ukumbi unapoa na kuupasha moto tena ni taabu. Basi nilisuka huku mguu wangu ukipiga chini kila kicheko kilipoanza kushuka.

"Mama, unanivuta nywele sana," mteja mmoja akalalamika. "Uko na hasira?"

"Hapana, mama. Niko na hesabu."

"Na hii mguu yako iko na nini?" Dada Aline akauliza. "Tangu asubuhi iko inapiga tu. Eish, nenda kwa docteur!"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikapima na kicheko kile pia.

Mikono ndiyo ilikuwa ngumu kufundishika. Nyumbani nilikuwa napiga wimbo mzima hadi pale pa kunyamaza, kisha naweka kiganja juu ya nyuzi na kuhesabu mara nane bila kugusa kitu. Jaribuni. Vidole vinawasha. Noti moja ndogo ya kupambia inakuja na kubisha hodi, unaikatalia, inarudi na ndugu zake. Niliapa nitaikatalia hata kama ni mpaka asubuhi.

Jumamosi ya kwanza kati ya zile mbili tulikuwa katika ukumbi wa kanisa, hapo hapo Sydenham. Sikupandisha sebene, lakini niliingia mapema mara mbili. Kiongozi alizungusha nyaya zake, akaniambia tu, "Imebaki moja."

Hiyo moja ilikuwa harusi ya Warundi, Queensburgh. Wakwe walikuwa watu wazito, tai shingoni, mikono kifuani. Beti tatu zikapita na hakuna aliyetabasamu. Nadhani walimhurumia kweli yule mwanamume aliyeachwa. Tukafika pale pa kunyamaza. Tukanyamaza. Kiongozi akaimba mstari wa sufuria, akamaliza.

Kimya.

Nilihesabu moja, mbili. Mahali fulani kijiko kiligonga sahani. Salvatori alikuwa anatoka jasho. Kiongozi akanigeukia na kunitolea jicho, na jicho lile lilisema waziwazi: ingia, tuokoe. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuingia. Lakini nilikuwa nimewasikiliza watu wakicheka wiki mbili nzima, na nikawatazama wale wazee usoni, nikaona hawajakataa kucheka. Walikuwa bado wanaifikiria ile sufuria. Nikakandamiza kiganja juu ya nyuzi. Tatu. Nne. Tano. Niliogopa, niseme nini zaidi.

Ndipo mtu mmoja mwenye shati la kijani, meza ya nyuma karibu na mlango, akapasuka kicheko, akapiga meza kwa kofi. Shangazi wa bibi harusi akamfuata, kisha wakwe wenyewe, tai na vyote, mmoja akimwegemea mwenzake. Kicheko kikapanda, kikakaa juu. Nikangoja. Kilipoanza kushuka nikapiga noti ya kwanza, na wenzangu wote watatu wakawa pale pamoja nami. Kiongozi ilibidi awape watu mgongo ili wasimwone akicheka. Tulipomaliza aliniambia neno moja la hapa Durban, "Sharp," yaani safi, na Jumamosi iliyofuata hakuna aliyeniambia ni ya ngapi.

Nilikaa kwenye nafasi ile miaka mingi. Tulipiga kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye kumbi za Isipingo na hata Pinetown. Koo la Kiongozi lilipochoka, mimi nilichukua uongozi, na nilikuwa mkali kuliko yeye; aliyechelewa mazoezi alinijua. Mwaka jana vidole vilivimba, daktari akasema basi, nikamkabidhi mwingine besi.

Baadaye nikaenda kumwona Kiongozi. Yuko kitandani sasa, lakini akili yake iko timamu kabisa. Nikamwambia nimestaafu.

"Kuna kitu sijawahi kukuambia," akasema. "Ile harusi ya Queensburgh, nilikuwa nimekuja na mpiga besi mwingine. Besi yake ilikuwa kwa buti ya gari yangu. Nilimwambia akae, asikilize. Ukiharibu, apande yeye."

"Ungenishusha mbele ya watu wote?"

"Ningekushusha."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungeogopa. Ungeingia mapema."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Nikachukua mkoba wangu niondoke, mgonjwa ama si mgonjwa. Nilipofika mlangoni nikageuka. "Huyo mtu alikuwa amekaa wapi?"

"Meza ya nyuma. Alivaa shati ya kijani."

Nikarudi nikakaa.

"Nilimgombeza kwa gari," Kiongozi akasema. "Nikamuuliza, mimi nimekuleta uchukue kazi, wewe unacheka nini? Akaniambia, 'Kiongozi, ile kimya ya huyu mama, mi siwezi kuipiga.'"

Jina la mpiga besi yule, Kiongozi amelisahau. Kama mtu huyo bado yuko Durban na haya yamemfikia, ajue kwamba kazi ile niliifanya mpaka vidole vikakataa.