Kufuli la Mama

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kijijini Didia, na mwezi uliofuata wezi walichukua mbuzi watatu kwa jirani. Ndipo tukakaa kuchagua namna ya kumlinda. Kaka alitaka mbwa wawili. Shangazi alitaka aitwe mganga aje azindike mji. Mimi nilitaka kufuli. Niliolewa Kharumwa, na kule kwenye wachimbaji wa dhahabu kila mtu anafunga, hata mwenye sufuria moja.

Mama alisema hataki chochote. Akitishwa atapiga mwano, lile yowe ambalo kwetu kila alisikiaye lazima atoke na fimbo yake.

"Sauti yako imezeeka, mayu," nilimwambia.

"Mbona wewe unaisikia?"

Kaka alicheka. Mimi sikucheka. Nilipokuja tena kutoka Kharumwa nilileta kufuli zito, miaka ile bidhaa zilikuwa adimu na nilijivuna kulipata. Fundi aling'oa komeo la zamani lililooza, akapigilia tumbuu, zile pete za kupitishia kufuli, upande wa nje tu. Nilikuwa nimesimama pale, na sikuona kosa. Mama ndiye aliyeuliza atajifungiaje akiwa ndani. Fundi akatoboa tundu kwenye ubao wa mlango, mama akajaribu kupitisha mkono kutoka ndani, akafunga kufuli kule nje. "Unaona?" nikasema. Nikamwomba aniahidi kwamba atafunga kila mara, awe ndani au nje. Aliahidi, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali.

Kuanzia hapo mama akiwa shambani mlango ulikuwa na kufuli, na akiwa amelala mlango ulikuwa na kufuli. Waliozoea kuingia kuchukua kaa la moto walianza kupita mbali. Mama alinitumia salamu kwamba watu wanamuuliza ni nani kati yao mwizi. Nilimjibu avumilie, watazoea.

Aliugua homa wakati wa palizi. Alijifungia jioni kama alivyoahidi, na asubuhi hakuweza kuinuka wala kupaza sauti. Siku ya pili jioni mpita njia alisikia kitu kikianguka ndani, akaita watu, wakavunja mlango. Walimpeleka hospitali ya Kolandoto juu ya baiskeli, watu wanne wakipokezana kumshika. Nilimkuta yu hai, lakini hakunitambua. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Kwenye matanga nilisikia wanawake wakinong'ona jikoni kwamba marehemu alikufa akiwaogopa jirani zake. Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe, nasema kweli. Mama hakuwahi kumwogopa mtu yeyote pale. Nilijua nani angeweza kulisahihisha, na nilikaa siku mbili bila kufungua kinywa.

Siku ya tatu jirani wa karibu, aliyekuwa akitaniana na mama na kumwita wifi, alikuja kukaa nami tukichambua mchicha.

"Kila asubuhi tulikuwa tunaitana juu ya ua wa minyaa," alisema. "Asiponiita, namfuata. Siku ile sikumsikia. Nikaja, nikaona kufuli. Nikasema, huyu mjane kaenda kwa binti yake kula utajiri wa dhahabu, hata kuniaga hakuniaga. Nikamnunia. Kesho yake nikapita tena, kufuli lile lile, nikazidi kumnunia."

Alikuwa akiyakata majani vipande vidogo kupita kiasi.

"Alikuwa ndani," nilisema. "Alipitisha mkono kwenye tundu. Mimi ndiye niliyemwapisha afunge. Yeye alitaka ninyi mumsikie, basi."

Aliweka kisu chini. Nilingoja anitukane.

"Sasa haya unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Mimi nilishamsamehe juzi. Kawaambie wale wa jikoni."

"Nikiwaambia watasema nilimuua mama."

"Wapo watakaosema."

Kabla ya watu kutawanyika niliomba ruhusa kwa shangazi, nikasimama uani. Nilisema kufuli lilikuwa langu, na mama alilikataa mbele ya kaka. Nilisema aliwaamini watu wote waliokuwa wamekaa pale, ila asiyewaamini alikuwa mimi. Sikulia wakati nasema. Mwanamke mmoja wa jikoni alichukua ndoo akaenda zake kisimani. Jirani alisogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa karibu naye.