Lufira na Salopeti ya Tshibangu

Mwanangu, siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumamosi. Lori lililotoka Mwadingusha lilisimama hapa Likasi mbele ya nyumba ya Mzee Mumba, aliyekuwa kapita, yaani msimamizi, kwenye kiwanda cha shaba, na dereva akashusha mtoto wa tembo mwenye masikio yaliyoungua jua. Mama yake aliuawa na watu wa bunduki kwa ajili ya pembe. Kiwanda kilikuwa kimesimama, sisi wenyewe tulikula mara moja kwa siku, na sasa mgeni huyu.

Kusema kweli, sikumtaka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa, jirani wa mzee, na uchafu wa mnyama ulifika mpaka mlangoni pangu. Aliyempenda ni Tshibangu, mchomeleaji asiye na mke. Alimwita Lufira, jina la mto wa kule alikotoka. Maziwa ya ng'ombe yalipomharisha, aliomba kwa masista wa dispensari yale ya watoto wachanga. Alitundika blanketi kwenye kamba, mtoto akaingiza mkonga chini yake kama chini ya tumbo la mama, ndipo akanywa. Mtu mwingine akishika chupa, Lufira aligeuza kichwa, na Tshibangu alicheka kwa fahari. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Mzee Mumba alitazama siku chache, kisha akamwita. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na vijana walimwita vieux, yaani mzee.

"Tshibangu, unamupenda huyu mutoto, ao unapenda akupende?"

"Vieux, minye njo mama yake. Ananijua minye tu."

"Njo ubaya yenyewe. Siku weye utakosa, atakufa na njaa. Ku usine tulikuwa tunaachiana fulu: mumoja anatoka, mwingine anaingia, moto haizimike."

Njo kwetu ni ndiyo, usine ni kiwanda, na fulu ni tanuru la kuyeyushia shaba. Basi mzee akatupanga kwa zamu kama kiwandani, hata mimi. Salopeti ya Tshibangu, ile ovaroli yake ya kazi ya buluu, ikawa ya wote: anayetoka anaivua, anayeingia anaivaa, ili mtoto anuse harufu ileile kwa kila mtu. Mwanzoni Lufira aligoma, akakonda. Tshibangu alilia nyuma ya nyumba na kumwita mzee muuaji. Kisha asubuhi moja Lufira alininusa shingoni, akanywa chupa yote mkononi mwangu. Sikutegemea kufurahi, lakini nilifurahi.

Haukupita muda, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, Tshibangu akiwemo, wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Tshibangu alizaliwa hapa hapa Likasi, na alibatizwa parokia ileile niliyobatizwa mimi. Iliniuma, na bado inaniuma. Aliacha salopeti msumarini, akaenda stesheni kungoja treni pamoja na umati wa wenzake, wakilala chini juu ya mizigo yao.

Nilimpelekea bukari, ugali wetu. Hakuuliza habari za mtu yeyote, ila za Lufira.

"Anakulaka?"

"Anakula."

"Na nani?"

"Na kila muntu mwenye kuvaa salopette yako."

Aliinamisha kichwa, akalia, vidole vikiwa bado ndani ya bukari. Baadaye akasema, "Ambia vieux aksanti."

Treni ilimchukua, na sikumwona tena. Lufira alikua. Walinzi wa mbuga walipokuja kumrudisha nyika ya ng'ambo ya mto, aliwafuata bila shida, kwa sababu aliyetangulia alivaa ile salopeti.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana, nasi tunaliimba neno hilo bila kulisikiliza. Mwanangu, ukimpenda mtu, mzoeze mikono ya wengine wewe ukiwa bado upo. Itakuuma kumwona anakula kwa mwingine. Acha iume. Anayetaka ahitajiwe yeye peke yake anajilisha mwenyewe.

Mungu akupe wa kukupokea zamu. Na siku utakapoitwa kwenye treni yako, uondoke ukijua kwamba watu wako wanakula.