Mvua Iliyotangazwa kwenye Simu

Ujumbe uliingia soko likiwa limechangamka. Nilikuwa na karoti zangu hapo sokoni Lushoto, nabishana na mnunuzi wa kutoka Tanga mjini aliyekuwa akizitazama kana kwamba zimemkosea, mara simu zikaanza kulia. Si moja. Yangu ililia, ya jirani yangu wa kabichi ikalia, ya muuza nyama ikalia mfukoni naye mikono yote imejaa damu. Soko zima likanyamaza, kila mtu kainamia kiganja chake.

Ilikuwa tahadhari ya serikali. Mvua kubwa inakuja, wakazi wa miinukoni na mabondeni wahamie sehemu salama.

"Miinukoni na mabondeni," akasema jirani yangu wa kabichi. "Haya, niambieni, Lushoto kuna sehemu ya tatu?"

Tulicheka mpaka basi. Halafu kila mtu akageuka mtaalamu. Mmoja alisema hao ni matapeli, wale wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", akaufuta ujumbe papo hapo, na wengine wakamwiga. Mwingine aliuliza kama ukiusoma salio linakatwa. Wengi walikumbuka mwaka wa kimbunga, simu zilipolia vivyo hivyo, tukafunga vibanda, tukajifungia ndani na mablanketi kukingoja, na kilichokuja kwetu ni jua. Tangu hapo serikali ikitangaza mvua, kuna watu wanaanika nguo. Mnunuzi wangu tu ndiye aliyeamini. Alitaka kuteremka Mombo kabla barabara haijafungwa, akachukua karoti zote bila neno. Nasema ukweli, kwa hilo nililishukuru tangazo.

Lakini mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kicheko kilinikatika, maana nilimkumbuka mama.

Mama yangu anaishi peke yake tangu baba alipofariki, chini ya barabara, mwendo mfupi kutoka kwangu. Nyumba yake imejengwa kama tunavyojenga sote huku. Tambarare huna, basi unachukua jembe unauchonga mlima mpaka unapata kiwanja, halafu nyumba unaisukuma nyuma kabisa ili mbele ubaki uwanja wa kuanikia maharage. Nyuma ya chumba cha mama kuna ukingo wa udongo mwekundu uliosimama wima kupita paa, na kati yake na dirisha mtu mnene hapiti. Kila masika unamegeka kidogo. Mama anazoa ule udongo kwa karai na kupandia mboga, anasema mlima unamletea mbolea mpaka mlangoni.

Nilifunga biashara nikateremka kwake. Nilimkuta anapukuchua maharage, jirani ameshamsomea ujumbe, wala hana wasiwasi.

"Shikamoo mama. Funga mizigo, twende kwangu."

"Marahaba. Kwako wapi?"

"Kwangu nyumbani, mama."

"Kule ni kwa mkwe wangu," akasema, akaendelea na maharage yake.

Hapo nikajua kazi ninayo. Siku hizi kuna watu wanakula sahani moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Mama si wa hao. Kwake yeye mkwe wa kiume ni mtu wa kupishwa njia. Miaka yote niliyoolewa, mume wangu akimwona kwa mbele anainama na kutoa shikamoo kwa mbali, na mama anavuta kanga usoni na kuitikia akitazama migomba. Hajawahi kula kwangu mume wangu akiwepo. Kulala chini ya paa la mkwe, hilo kwake halisemeki hata kwa utani.

"Mama, serikali yenyewe imesema watu wahame."

"Huyo aliyeandika hana mkwe?"

"Basi nenda kwa mwanao Magoma." Kaka yangu analima huko chini, na kwa mwanawe wa kiume mama angelala bila neno.

"Magoma si bondeni? Hukusikia wamesema na mabondeni?"

Jamani! Ujumbe ule ule aliokuwa anaudharau, ulipomfaa akautolea ushahidi. Hasira zikanipanda. Mimi hasira zangu haziko mbali, zinakaa hapa shingoni. Nikamwambia heshima yake itamzika, nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Nizikwe nayo," akajibu. "Mwambie mwenzio hajambo."

Nilipanda mlima nikilia. Nilikuwa na hofu, msidhani ni hasira tu. Nilikuwa nauona ule ukingo mwekundu kila nikifumba macho.

Mume wangu si mtu wa maneno. Yeye ana viazi vyake na ukimya wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Nani amekwenda kumwita?"

"Si mimi! Kuna mwingine?"

"Mkwe haitwi hivyo."

Akainuka, akavaa koti, akaenda kwa mshenga. Namsema yule yule mzee aliyeleta posa yangu nyumbani, na ambaye mpaka leo akinikuta sokoni hudai karoti za bure kwa kazi hiyo. Walirudi wote wawili. Mume wangu akatoa doti ya kanga mpya na sukari, akamkabidhi mzee. Kisha akaanza kutoa viazi kwenye stoo yetu ya mabanzi iliyo uani, akatandika godoro lake humo. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nyumba nisiyolala mimi si ya mkwe," akasema. "Ni ya binti yake."

Basi tukateremka tena, mzee mbele, mimi nyuma, nimeambiwa nifunge mdomo. Mzee alipofika hakutaja simu wala serikali. Alikaa, akasalimia mpaka salamu zikamalizika, akauliza hali ya mbuzi, ndipo akasema ametumwa. "Mwanao anasema nyumba yake ameiacha, yeye amehamia stoo. Mvua inakuja na nyumba haina mtu mzima. Anaomba mama yake aje amlindie."

Mama akaipokea kanga, akaikunjua, akaitazama upindo hadi upindo, akaikunja tena.

"Sasa hayo ni maneno," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ulikuja kunipigia kelele."

Alihama jioni ile ile na mkeka wake, kuku wake kwenye tenga, na maharage ambayo hakuwa amemaliza kupukuchua. Mbuzi wawili walibaki bandani kwake, maana mume wangu alituma salamu kupitia kwangu kwamba atakuwa anawapelekea majani.

Na mvua? Haikuja. Kesho yake jua liliwaka, sokoni wakanizomea. Jirani yangu wa kabichi akaniuliza kama mama anahitaji mwavuli wa kujikinga na jua. Nyumbani mama alikuwa akinung'unika kwamba ametolewa kwake aje kutazama mbingu, lakini nilimwona alivyokuwa. Alinipikia makande. Alinisuka nywele kwenye ngazi kama zamani, akizivuta mpaka macho yananitoka, akinieleza habari za watu ambao nusu yao wameshakufa. Mume wangu nilimpelekea chakula chake stoo, akala na kurudisha sahani, na mama akachungulia sahani kuona kama imeisha. Nilikuwa na furaha. Nikawa naiombea ile mvua ichelewe kidogo.

Ilikuja siku iliyofuata, asubuhi. Ilikuja kwa mshindo, ukungu ukafuta Lushoto yote, mabati yakawa yanapiga kelele hata ukisema husikiki. Sokoni hakwenda mtu. Redio ikasema barabara ya kushuka Mombo haipitiki. Wale waliofuta ujumbe walikuwa wanapigiana simu kuuliza ulisemaje.

Mchana mvua ilipopungua kidogo, mume wangu akachukua kamba na panga, akapita nyuma ya nyumba. Alikuwa anakwenda kuwatoa wale mbuzi. Nilimwita asiende, akanionyesha kwa mkono kwamba atarudi sasa hivi. Hakurudi sasa hivi. Mvua ikarudi yenyewe, kubwa kuliko ya asubuhi, na katikati ya mvua tukasikia kishindo upande wa chini, kizito na kirefu, kisha kimya.

Mama akaacha maharage.

"Mumeo amerudi?" akaniuliza.

Hajawahi kuniuliza hivyo. Huuliza "wa huko kwako hawajambo?" na yametosha. Nikamwambia bado. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango, namwomba Mungu asinichukulie mume kwa sababu ya mbuzi. Mama akaanza kusema peke yake kwamba mbuzi ni nini, mbuzi wananunulika, nani alimwambia aende.

Ndipo akatokea kwenye ukungu. Tope lilikuwa limemfika kifuani, mbuzi mmoja mabegani, mwingine anamvuta kwa kamba. Hakuja mlangoni. Alipita ukingoni mwa uzio, uso ameugeuzia pembeni kwa adabu, akaenda moja kwa moja stoo. Toka huko akanipazia sauti: "Mwambie mama, mlima umeshuka. Umevunja ukuta, umeingia chumbani, umejaa mpaka juu ya kitanda. Mbuzi wapo wote."

Mama alikuwa amesikia kila neno. Aliweka mkono mdomoni. Nilidhani atakaa chini alie. Hakukaa. Alinipita, akaufungua mlango wote, akasimama kizingitini mvua inamrukia miguuni, kanga iko mabegani wala hakuivuta usoni.

"Baba!" akaita.

Mume wangu, aliyekuwa anafunga mbuzi, akaganda, mgongo umetugeukia.

"Nakuambia wewe. Waache hao mbuzi. Ingia ndani uote moto."

Akageuka nusu, akanitafuta mimi kwa macho. "Mwambie nitaota huku huku," akasema.

"Haambiwi mtu!" Mama alisema kwa ukali, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimekuona, umeniona, yamekwisha. Ingia, mwanangu, utakufa na baridi."

Mume wangu akavua mabuti mlangoni, akaingia ameinamisha kichwa, anachuruzika maji kila mahali. Mama akasogea kwenye mkeka, akampisha karibu na jiko.