Marashi ya Fundi Onsongo

Kabla ya mwaka wa sitini na tano, hakuna mtu Kendu Bay aliyewahi kumsikia Cephas Onsongo akinukia kitu kingine isipokuwa sabuni ya kipande na kitambaa kipya. Alikuwa fundi cherehani kutoka Kisii, Msabato, shemasi wa kanisa, mtu wa kufunga kifungo cha juu cha shati hata pale jua la Februari lilipochoma mabati. Mkewe, Nyanchama, alizoea kuwaambia majirani kwamba mume wake alizaliwa amepigwa pasi.

Na ilikuwa pasi iliyomponza. Siku moja kaa la moto lilidondoka likaingia kwenye soksi yake, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Alilikung'uta, akapaka mafuta, akaendelea kushona sare za shule. Kidonda kilikuwa kidogo, si cha kumwonyesha mtu. Lakini hakikukauka. Kilipanuka, kingo zake zikawa nyeusi, na katikati pakawa hapaumi kabisa, hata akipagusa kwa ncha ya sindano. Huko kutouma ndiko kulikomtia hofu.

Alikuwa bado mtoto shangazi yake alipotokwa na vidonda visivyouma. Watu walisema ni ukoma. Shangazi alichukuliwa, akapelekwa kambini mbali upande wa Busia, na nyumba yake ikachomwa moto pamoja na vyungu vyake. Hakurudi. Pale nyumbani jina lake halikutajwa tena, na wadogo zake wawili wakakosa wachumba. Onsongo alikuwa na binti mmoja, Bosibori, aliyekuwa akisoma shule ya bweni. Alimfikiria huyo, akaufunga mguu kwa vipande vya marekani, akavaa soksi mbili, akanyamaza. Akaanza kulala dukani, akimwambia mkewe kwamba kazi ya sare imemlemea.

Kisha kidonda kikaanza kunuka. Joto lilipopanda mchana, yeye mwenyewe aliisikia harufu ikitoka chini ya meza ya cherehani, na aliona mteja akigeuza uso akitafuta panya aliyekufa. Jioni hiyo alikwenda kwa Mhindi aliyekuwa akimuuzia nyuzi.

"Una kitu cha kunukia?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani.

Mhindi alimtazama, akacheka, akateremsha chupa yenye picha ya mwanamume mwenye shati jeupe kando ya mnazi. "Hii ya wanaume, fundi. Ya wakati ya joto. Wewe paka kidogo asubuhi, jua yenyewe itafanya kazi."

Onsongo hakupaka kidogo. Alimimina kwenye soksi, kwenye pindo la suruali, shingoni. Harufu ilikuwa tamu kama nanasi lililoiva hadi kupasuka, na nyuma yake kulikuwa na nazi, ambayo hakuwahi kuila maishani. Jua lilipowaka, utamu ule ulijaa barazani ukavuka barabara. Nyuki walikuja wakazunguka miguu yake. Vijana waliopita walipiga mluzi. Aliwatabasamia na kuendelea kukanyaga cherehani, jasho likimtiririka mgongoni.

Mji mdogo hauhitaji zaidi ya hapo. Mwanamume wa makamo anayelala dukani na kunukia kama bwana harusi, lazima yuko mwanamke. Na mwanamke alikuwa karibu: Benta, mjane wa Kijaluo aliyeuza samaki pembeni mwa baraza lake na ambaye fundi alimruhusu kuweka karai kivulini. Hawakuwa na lingine zaidi ya salamu. Lakini watu waliunganisha wenyewe.

Maneno yalimfikia Nyanchama. Hakutaka kuyaamini, mpaka ilipofika Sabato ya meza ya Bwana. Wasabato, kabla ya kushiriki mkate, hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mzee Otieno, mzee wa kanisa, alimwekea Onsongo beseni mbele yake, akapiga magoti, akanyoosha mkono kukifungua kiatu.

Onsongo alisimama ghafla. Maji yakamwagika. "Samahani, mzee," alisema, akatoka nje.

"Mtu akikataa kuoshwa na ndugu yake," Mzee Otieno alisema baadaye mbele ya baraza la kanisa, kwa huzuni zaidi kuliko hasira, "ni kwamba moyo wake unajua kitu." Wakamvua ushemasi.

Jioni ya Sabato ile Nyanchama alikwenda dukani, akafunga mlango nyuma yake. "Baba Bosibori, sitapiga kelele. Nijibu tu. Ni Benta?"

Onsongo alimwona alivyosimama, amejikaza, mikono ameificha ndani ya leso. Angeweza kuinua suruali pale pale. Lakini akilini alimwona shangazi yake akipandishwa gari, akauona moshi. Mke aliyeachwa kwa sababu ya hawara huonewa huruma, aliwaza. Mke wa mkoma hukimbiwa, na binti yake pia.

"Ndiyo," alisema. "Ni Benta."

Nyanchama hakulia. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua, akatoka. Kesho yake alipanda basi kwenda kwa kaka yake Migori.

Baada ya hapo fundi alibaki na mguu wake. Homa ikaanza. Cherehani ilinyamaza, mlango ukabaki umefungwa, na wapita njia wakasema anaona aibu. Aliyekuja kugonga alikuwa Benta, na hakuja kwa wema. Shemeji zake, waliposikia uvumi ule, walikuwa wamemtolea vitu nje. Alisukuma mlango, kisu cha samaki bado mkononi.

"Fundi! Amka! Mimi na wewe tumelala wapi? Sema! Nionyeshe hiyo kitanda!"

Alikuwa amelala sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa, macho yakimwaka kwa homa. Benta alisimama. Marashi yalikuwa yamejaa chumbani kama matunda yaliyosahauliwa guniani, lakini yeye alikuwa mtu wa samaki. Nyama iliyoharibika aliijua hata ikifunikwa na nini. Aliinama, akaikata suruali kwa kile kisu.

"Yaye, Nyasaye wangu," alimwita Mungu polepole kwa Kijaluo.

"Usiniguse," Onsongo alinong'ona. "Ni ukoma. Nenda."

"Nyamaza." Alitoka barazani akawaita wanaume kwa sauti iliyofika ziwani. Wakambeba kwenye mkokoteni hadi barabarani, wakapata lori la pamba lililomfikisha hospitali Homa Bay.

Haukuwa ukoma. Daktari aliosha kidonda, akamchoma mkono kwa sindano, akauliza kama anaisikia, kisha akasema ni donda ndugu, ambalo halikuuma kwa kuwa nyama ilikuwa imekufa, na ambalo mwanzoni lingepona kwa dawa tu. Sasa lilikuwa limekula hadi mfupani. Waliukata mguu chini ya goti.

Nyanchama alifika siku ya nne. Alisimama mwisho wa kitanda akiitazama shuka ilivyolala bapa upande mmoja.

"Benta alinitafuta mpaka Migori," alisema. "Mwanamke niliyemlaani." Akashika ukingo wa kitanda. "Uliona afadhali nikuchukie kuliko nikuoshe?"

"Niliogopa kwa ajili yenu."

"Hapana. Usiseme ni kwa ajili yetu. Uliogopa kwa ajili yako."

Alirudi Kendu Bay pamoja naye, lakini kwa miezi mingi walikula bila kuzungumza, na yeye ndiye aliyemfunga kitambaa kwenye kigutu kila jioni, kwa mikono isiyo na ukali wala upole. Kanisani Onsongo alisimama kwa magongo, akasema mbele ya watu wote kwamba alimsingizia mjane asiye na kosa. Mzee Otieno alilia. Ushemasi walitaka kumrudishia, akaukataa.

Benta hakuwapo kusikia. Alikuwa amehamia soko la Homa Bay, maana shemeji zake hawakumrudishia nyumba. Neno likishasemwa mjini haliwezi kurudishwa na kanisa. Onsongo alimfuata huko siku ya soko, akasimama mbele ya karai lake, akamweleza aliyoyasema madhabahuni.

Benta alimsikiliza huku akipaa magamba. "Ni vizuri, fundi. Wewe umepona." Akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja nyuma yake. "Mama, unataka ngege wangapi?"

Onsongo alibaki pale kidogo, watu wakimpita huku na huku. Kisha akasogea pembeni asiwazibie wanunuzi njia, akatafuta kivuli, akaketi kungoja basi la kurudi.