Kulala Hema Moja na Mama Mkwe

Kambi ya jeshi waliyotupeleka baada ya mafuriko ilikuwa safi kuliko kijiji chetu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mama mkwe wangu hudhani tulitupwa jalalani. Hapana. Tuliwekwa kwenye uwanja wa mpira wa wanajeshi, ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, upande wa Newala, mahali ambapo ukisimama kwenye senyenge unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako. Mahema yalipangwa kwa mistari kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Kila hema lilichimbiwa mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Njia zilipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Asubuhi mkuu wa kambi alipita na fimbo yake kwapani akikagua, na akikuta ganda la ndizi alisimama palepale mpaka mwenyewe ajitokeze aliokote.

Huko bondeni maji yalikuwa yamefika kwenye mapaa. Mama mkwe wangu walimtoa juu ya dungu la shamba lake la mpunga. Askari waliokwenda na boti walisema walimkuta amekaa juu, tenga la kuku miguuni, anafukuza ndege kwa kelele kana kwamba mpunga bado upo. Mke wangu hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali Masasi tangu kabla ya mvua kubwa, mimba ikimsumbua, na daktari alikuwa amemkataza kutoka hadi ajifungue. Binti yetu mkubwa alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo tulipofika kambini, familia yangu nzima ilikuwa mimi na mkwe wangu.

"Kaya moja, hema moja," alisema askari aliyekuwa akigawa mahema.

"Afande, huyu ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo. Mama yako huyo."

"Siwezi kulala naye hema moja."

Alinitazama juu mpaka chini. Kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa bara, mbali na kwetu. "Mzee, kuna watu bado wananyeshewa. Unataka nikujengee ghorofa?"

Waliotoka sehemu nyingine walicheka. Watu wa bondeni hawakucheka. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma kidogo, ameshajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, ameugeukia ukuta wa turubai.

Kwetu mkwe hamwangalii mkwewe usoni. Mimi nilimsalimia nikiwa nimechuchumaa pembeni ya njia, macho chini, na nilisema naye kwa wingi, kama mtu anayesema na kundi la watu. Miaka yote niliyoishi na binti yake sikuwahi kumwona akitia tonge mdomoni. Naye hakuwahi kuniona nikinawa miguu. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Haiandikwi popote, na huwezi kuieleza kwenye foleni mtu akiwa ameshika bunda la kamba za hema.

Siku ya kwanza nilitandika kipande cha mkeka chini ya mkorosho uliokuwa karibu na senyenge. Mlinzi akanifukuza. Raia halali nje ya mstari, alisema, na alikuwa sahihi kwa sheria zake. Nikahamia kwa mgane mmoja wa kijijini kwetu, fundi baiskeli, aliyepewa hema la mwisho kabisa kwenye mstari wetu. Alinipokea bila maneno mengi.

"Lala upande ule," alisema. "Ukiwa na mkwe, una kazi."

Nikashukuru Mungu. Nikaona nimeokoa heshima ya watu wawili. Mchana tulikaa nje ya hema lile, mimi na fundi na wanaume wengine, maana hapo palikuwa na kivuli cha ukuta wa ghala. Tulizungumzia korosho, kama mikorosho ya juu itabeba mwaka huu, na mpunga ambao hakuna aliyetaka kuutaja kwa jina.

Kila asubuhi nilikwenda hadi hema la mama mkwe, nikakohoa nikiwa mbali, nikachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka."

Nilimwekea mlangoni sahani ya chakula cha kambi na kidumu cha maji, nikaondoka bila kugeuka. Maji yale niliyapata kwa shida. Tumetoka kwenye maji yaliyotaka kutuua, tukafika mahali ambapo maji hayapo. Newala ndivyo ilivyo siku zote, ila safari hii ilizidi, kwa sababu mitambo ya kusukuma maji iko mabondeni na yenyewe ilikuwa imezama. Boza la jeshi lilileta maji kutoka mbali, na tulipanga ndoo tangu jua halijachomoza. Kidumu kimoja kilikuwa kitu cha kugombaniwa. Changu nilimpelekea yeye.

Baada ya muda nikaanza kuona kwamba kidumu kinarudi na maji yake. Kimepungua kidogo tu, kama mtu aliyelowesha midomo. Ugali umemegwa pembeni, maharage hayajaguswa.

"Mama, hamkula?"

"Tumeshiba, baba."

"Na maji?"

"Yapo. Msihangaike."

Ningekuwa mwanawe ningeingia ndani nikamtazama. Nikabaki nje nikitazama mchanga mwekundu mbele ya vidole vyangu. Nilidhani ni huzuni ya mpunga wake. Nikampigia simu mke wangu Masasi, nikamwambia mama hajambo, anakula kidogo lakini hajambo. Kwa hali aliyokuwa nayo, ningemwambia nini? Nikamwomba jirani, mama mmoja mwenye watoto wengi, aingie amwone. Alitoka akasema bibi amelala, anasema joto. Mama yule alikuwa na foleni ya maji, foleni ya uji, na mtoto mwenye homa. Sikuweza kumsukuma zaidi.

Siku ya ukaguzi mkubwa walikuja wageni wa wilaya. Mkuu wa kambi akawatembeza. Tulimsikia akieleza kuhusu mifereji, kuhusu majiko ya udongo, kuhusu vyoo. Vyoo vile hata mimi nilivisifu. Vilikuwa na sakafu ya zege, pazia zito la turubai mlangoni, debe la majivu, ndoo ya kunawia na sabuni. Havikunuka. Vilikuwa mwisho wa uwanja, nyuma ya ghala, na njia ya kuvifikia ilikuwa moja tu, ile ya mawe meupe, kwa sababu kukatiza katikati ya mahema kulikatazwa ili watu wasijikwae kwenye kamba. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema kuna miji haina vyoo kama hivi.

Walikuwa hawajafika getini niliposikia kelele upande wa hema letu.

Nilikimbia. Mama mkwe alikuwa ameanguka mlangoni pa hema, nusu ndani nusu nje, kanga imemtoka kichwani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuona uso wake wote. Chale za ujana wake zilikuwa zimezama kwenye ngozi iliyokauka kama ganda la muhogo. Midomo ilikuwa imepasuka. Niligeuza uso, halafu nikaurudisha.

Askari mmoja wa kike alifika mbio, binti wa Kimakua kutoka upande wa Masasi. Alipiga magoti, akamfinya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama.

"Bibi, unakunywa maji?"

Mama mkwe alisema kitu kwa sauti ndogo. Binti akainamisha sikio. Alimuuliza tena, naye akajibu tena, maneno mengi kidogo. Binti akanyanyua macho kunitazama, na nikaona anatafuta namna ya kusema.

"Wewe ndiye mkwe wake?"

"Ndiyo, afande."

"Unakaa pale kwenye hema la mwisho? Pale njiani?"

"Ndiyo."

"Bibi anasema hawezi kupita mbele yako na kopo mkononi, akaenda huko, halafu akarudi, na wewe umekaa hapo unajua alikotoka." Akashusha sauti. "Ameacha kunywa ili asiende."

Nilihama hema ili kumstahi, na kuhama kwenyewe kukaniweka mlangoni pa aibu yake. Asubuhi mpaka jioni nilikuwa pale na wanaume wenzangu, kivulini, tukiongea habari za korosho, na yeye ndani ya turubai lenye joto anaukausha mwili wake kwa makusudi. Nilitaka mtu anipige. Hakuna aliyenipiga.

"Zahanati iko upande wa pili wa kambi," binti alisema. "Gari limewapeleka wageni. Machela iko stoo na mwenye funguo simwoni. Mbebe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi nikimbilie kumwita daktari."

Wanawake wote walikuwa kwenye boza. Nilipiga magoti, nikamgeuzia mgongo. Mama mkwe akanisukuma kwa kiganja kisichokuwa na nguvu.

"Niacheni, baba. Mwiteni mwanamke."

"Mama, hakuna mwanamke."

"Basi niacheni."

"Mtanisamehe," nikasema, nikamshika mikono, nikamvuta mgongoni. Alikuwa mwepesi mno, mwepesi wa kutisha. Nikapita naye njia ile ya mawe meupe, watu wa kwetu wakitoka mahemani na kugeuza nyuso zao upande mwingine, si kwa ukatili, ni kwa kutusitiri. Alikuwa amejifunika kanga tena, na chini ya ile kanga nilimsikia akilia bila machozi, kwa kuwa mwili ulikuwa hauna maji hata ya machozi.

Walimtundikia dripu. Mganga wa kambi, mtu mpole, aliniambia figo zimechoka na pale hana la kufanya. Mkuu wa kambi mwenyewe alitoa gari. Alisimama na mimi wakati wanampakia, fimbo yake kwapani.

"Mbona hamkusema?" aliniuliza. "Kuzungusha njia ya choo ni kazi ya nusu siku. Ningewapa vijana."

"Afande, ningesemaje?"

"Ungesema tu. Mama mkwe wangu anaona haya."

Angekuwa ametukana ningejua la kufanya. Lakini alikuwa anataka kujua kwa dhati, na mimi sikuwa na Kiswahili cha kumweleza kwamba neno lile, kulitamka tu, kungekuwa sawa na kumvua nguo.

Walimpitisha Newala wakampeleka Masasi, hospitali ileile aliyokuwamo mke wangu. Kwa hiyo mama na binti walilala jengo moja, wodi tofauti. Mke wangu alijifungua mtoto wa kike. Wauguzi walimpeleka mtoto kwa bibi yake, nasikia alimshika, akamtaja ukoo wake, akasema amepatikana mtu. Alikufa kabla mke wangu hajaruhusiwa kutoka.

Tulimzika kijijini Mnyambe kwa ndugu zake. Bondeni alikozikwa mumewe bado kulikuwa tope na njia imekatika. Baada ya mazishi wajomba wa mke wangu waliniita. Walikaa kwenye mkeka, mimi nikachuchumaa.

"Tumesikia ulimbeba," mkubwa wao alisema.

"Ndiyo, wazee."

"Mgongoni."

"Ndiyo."

Nilingoja adhabu, na kweli niliitaka. Mwishowe mdogo wao akasema, "Na kama usingembeba, tungekuuliza nini leo?" Mkubwa akatikisa kichwa, hakukubali wala hakukataa. Wakaniambia niende nikale. Mpaka leo hawajanirudia na neno hilo, na kila nikienda Mnyambe nasalimia kama mtu ambaye kesi yake haijaitwa.

Mke wangu aliambiwa yote na binti askari, aliyemsindikiza mama kwenye gari. Mimi sikuthubutu kuanza. Alinisikiliza nikijaribu, akasema, "Najua," na hakutaka nimalizie.

Hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyumba ilikuwa imebomoka, hospitali haitaki mtu aliyepona, Mnyambe wamejaa wenyewe. Tukarudi kambini, mke wangu na mtoto mgongoni. Mkuu wa kambi alikuwa ameshafungua njia mpya ya vyoo vya wanawake, imepita nyuma, imezungushiwa makuti ya minazi yaliyoletwa kutoka huko Mtwara. Ilikuwa kazi nzuri. Mawe yake pia yalipakwa chokaa. Niliiona nikapita upande mwingine.

Mke wangu alisimama ndani ya hema katikati, akaangalia turubai, nguzo, mkeka ulioviringishwa. Nje mvua ilianza na mfereji ukafanya kazi yake, hata tone halikuingia.

"Mama alikuwa analala upande gani?" akauliza.

Nilitazama sakafu ya kulia, nikatazama ya kushoto. Udongo ulikuwa umefagiliwa.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuwahi kuchungulia."

Alikaa chini palepale aliposimama, akamtoa mtoto mgongoni, akaanza kumnyonyesha. Hakuutandika mkeka upande wowote. Nami nikabaki mlangoni, nimeshika pazia, mguu mmoja ndani, mvua ikinipiga mgongoni, mpaka aliposema kwa uchovu, "Ingia basi. Mimi ni mkeo."